Tasnifu imenikwamia, na kuna mtu yuko tayari kuniandikia

Shikamoo Mwalimu,

Naomba usitaje jina langu wala la halmashauri yangu, maana mji wetu ni mdogo na ofisi yetu ni ndogo zaidi.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, Kanda ya Ziwa, huu ni mwaka wa kumi na moja kazini. Nina mume na watoto wawili. Miaka minne iliyopita nilijiunga na shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii katika chuo kikuu kimoja hapa nchini. Kozi za darasani nilimaliza vizuri. Nilikuwa nasafiri vipindi vikifika, nalala kwa ndugu, narudi kazini na mabegi mkononi, na masomo mengine niliyapenda hadi nikawa nawasimulia wenzangu ofisini. Shida ilianza kwenye tasnifu.

Mada yangu ni "Changamoto za Matunzo ya Watoto Waliozaliwa Nje ya Ndoa Tanzania". Niliichagua kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku. Jumatatu asubuhi benchi la nje ya ofisi yetu linajaa akina mama wenye watoto mgongoni. Namwandikia baba barua ya wito. Anakuja au haji. Akija tunakaa, wanavutana, mwisho wanasaini makubaliano. Mwezi wa kwanza analeta, wa pili analeta, halafu simu haipokelewi na mama anarudi kwenye benchi. Nina makabati yamejaa habari hizo.

Msimamizi wangu amenirudishia pendekezo la utafiti mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Anasema ni pana mno. Anauliza nadharia iko wapi. Nilipoweka nadharia ya Maslow ya ngazi za mahitaji ya binadamu, akaikata kwa wino mwekundu. Nilipoweka nadharia ya mifumo ya ikolojia akachora alama ya kuuliza, basi. Nikimwandikia barua pepe inapita miezi bila jibu. Halafu kuna Kiingereza. Kazini ripoti zangu zote ni za Kiswahili, na hakimu alishawahi kuisifu mojawapo mbele ya watu. Ila nikikaa kuandika sura ya pili kwa Kiingereza najiona kama mtoto wa darasa la tano.

Nyumbani hali si nzuri. Ada nililipa kwa mkopo wa SACCOS ambao bado nakatwa, na sasa chuo kinadai ada ya kuongeza muda. Mume wangu anafundisha Kiingereza sekondari. Zamani alinisaidia sana, sasa kompyuta yangu ameipa jina, anaiita "mume mwenza". Bosi wangu ananiambia kila akiniona na vitabu kwamba hata nikimaliza mshahara ni uleule.

Sasa jambo lenyewe. Karibu na chuo kuna steshenari, na hapo kuna kijana anayeandikia watu tafiti. Mwenzangu wa halmashauri nyingine tuliyeanza naye alimaliza kwa njia hiyo na joho kavaa. Anataka milioni moja na nusu, kuanzia pendekezo hadi sura ya tano, na takwimu anazitengeneza mwenyewe kwenye SPSS, ile programu ya kuchambulia takwimu. Kwangu anasema itakuwa rahisi zaidi kwa sababu nina mafaili: nimpigie picha mafaili hamsini, yeye atachambua.

Shemeji yangu aliyeko Minnesota anasema niachane na haya yote, nikasome huko kwa sababu uzamili wa ustawi wa jamii wa kwao hauna tasnifu.

Nimlipe kijana, niache shule, au kuna njia nyingine? Nimechoka, Mwalimu. Naomba usinipe mahubiri, hayo nayasikia Jumapili.

Afisa Ustawi, Kanda ya Ziwa

*

Marahaba mdogo wangu, na pole na benchi la Jumatatu.

Mahubiri huyataki, basi nianze na jambo la haraka, mafaili. Kama hujapiga picha hata ukurasa mmoja, usipige. Kama umeshamtumia huyo kijana chochote, mpigie simu afute, na uhakikishe amefuta, kabla hujaendelea kusoma. Mama aliyekaa mbele yako akataja jina la mwanamume, miezi ya mimba na nyumba ya wageni walikokuwa wakikutana, alisema yote hayo ili mtoto apate unga na sare za shule. Hakuyasema ili yakae kwenye simu ya mtu anayetoa fotokopi. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa hizo zimekusanywa na ofisi yako. Siku ukurasa mmoja ukionekana kwenye kundi la WhatsApp la mji wenu mdogo, hakuna atakayehangaika kumtafuta kijana wa steshenari. Watakuja kwako.

Sasa kijana mwenyewe. Kila mji wenye chuo una watu wake wa namna hiyo, na mimi nimekaa kwenye meza ya watahini nikisoma kazi zao. Zinafanana. Wahojiwa ni wengi kuliko ambavyo mtu mwenye kazi na watoto wawili angeweza kuwafikia. Majedwali yamenyooka mno. Asilimia sabini na kitu ya watu wamekubaliana na kila sentensi waliyosomewa, na sura ya tano inapendekeza serikali itoe elimu kwa jamii. Programu za kunasa kazi zilizonakiliwa, kama Turnitin, zinaweza kumpitisha kwa sababu yeye hakunakili, alitunga. Mteja wake hunaswa na swali dogo siku ya kutetea: "Huyu mama wa nane kwenye jedwali lako, anayesema hutumiwa fedha kwa simu, ulimkuta wapi?" Nimeona watu wazima, wakuu wa idara, wakitazama dari kwa swali la namna hiyo.

Joho la mwenzako nimelisikia. Shahada inaweza kufutwa hata baada ya mahafali, na mtumishi wa umma anajua uhakiki wa vyeti ulivyo. Mwaka 2017 uhakiki uliwaondoa kazini watumishi zaidi ya 9,900. Wale walikuwa na vyeti vya kughushi, si tasnifu za kununua, lakini sioni kwa nini mtu achague kuishi na hofu ya jamii moja na ile.

Najua hofu peke yake haimzuii mtu aliyechoka. Kuna sababu nyingine, na ndiyo iliyonifanya nichague barua yako kati ya nyingi: unataka kumlipa mtu milioni moja na nusu akufanyie kazi unayoijua kuliko yeye. Hebu tazama unachofanya hakimu anapokuagiza uandae ripoti ya uchunguzi wa kijamii katika shauri la matunzo, jambo ambalo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu kuliagiza. Unakwenda kwa mama. Unaangalia jiko, unaangalia mtoto analala wapi. Unamuuliza jirani, unamuuliza mwalimu wa shule, unapita kwa mtendaji wa kijiji. Baba unamsikiliza peke yake. Maneno ya huyu unayalinganisha na ya yule, na pale yanapogongana unaandika kwamba yamegongana, kisha unatoa maoni na sababu zake, ukijua kuna mtu mwenye mamlaka atakayeamua maisha ya mtoto kwa karatasi hiyo. Huo ni utafiti, dada. Kilichobaki ni kuufanya kwa watu wengi badala ya familia moja, na kuuandika kwa utaratibu wa chuo.

Kada yetu yenyewe ilipigania heshima yake kwa njia hiyo. Mwaka 1915, kwenye mkutano wa Baltimore, Marekani, mwanaelimu Abraham Flexner aliwaambia wafanyakazi wa ustawi waziwazi kwamba kazi yao bado si taaluma: wanawaunganisha watu na madaktari na wanasheria, lakini hawana ujuzi wa kwao wenyewe. Miaka miwili baadaye Mary Richmond, aliyekuwa amefanya kazi kwenye jumuiya za misaada, akachapisha kitabu kinene kinachofundisha namna ya kukusanya na kupima ushahidi wa hali ya mteja, kuanzia kwa familia, majirani, shule hadi mwajiri. Ukikisoma leo utacheka, maana utaiona orodha ya watu unaowatembelea kila wiki. Darasani huenda walikutajia majina hayo kwa ajili ya mtihani. Yasome tena sasa.

Tuje kwenye mada, na hapa lazima nimtetee msimamizi wako kidogo. Mada yako ni pana mno. Tafiti za "changamoto za jambo fulani Tanzania" zimejaa kwenye rafu, na zote huishia mahali pamoja: bajeti ndogo, uelewa mdogo, umaskini. Swali lako zuri umeliandika wewe mwenyewe kwenye barua hii, katikati ya malalamiko. Mwezi wa kwanza analeta, wa pili analeta, halafu simu haipokelewi. Ni nini hutokea kati ya saini na ukimya ule?

Kaa nalo hilo. Hati ya makubaliano mnayosainisha ofisini si amri ya mahakama. Baba akiacha kulipa, mama anaweza kurudi kwenye benchi, anaweza kwenda mahakamani, anaweza kumpeleka mtoto kwa bibi, au kunyamaza. Wangapi huchagua lipi, na kwa nini? Wewe unawaona wanaorudi tu. Wasiorudi huwajui, na ofisini huwa tunajidanganya kwamba mambo yao yameisha salama.

Halafu waangalie akina baba, ambao tafiti nyingi za matunzo huwaacha nje kama vile wao ni hali ya hewa. Uko Kanda ya Ziwa. Benchi lako limejaa watoto wa wavuvi na wachimbaji wadogo. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inapumzika na mfukoni hakuna kitu. Mchimbaji anaweza kukaa miezi anakula kwa mkopo wa mwenye duara, yaani shimo la mgodi, kisha siku moja akapata. Na hati zenu zinasemaje? Nadhani zinasema sh. 50,000 kila tarehe 5. Nani aliuliza fedha ya mtu huyu inaingiaje? Sheria ya Mtoto inataka mahakama, kabla ya kutoa amri ya matunzo, iangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu yao kwa watoto wengine, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Je, maafisa ofisini huyauliza hayo, au huandika kiasi kilichozoeleka kwa sababu kuna watu kumi na wawili wanasubiri nje? Simsafishi baba anayekimbia. Wapo wenye fedha na wanakimbia. Ila mpaka sasa hujui ni wangapi wa namna ipi, na mimi pia sijui. Hapo ndipo utafiti unapoanzia.

Sura yako ya kwanza utaifungua kwa historia ambayo wasomaji wengi hawaijui. Hadi Sheria ya Mtoto ilipoifuta mwaka 2009, tulikuwa na sheria ya zamani ya watoto wa nje ya ndoa iliyoweka ukomo wa matunzo kuwa shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi mia moja, dada, wakati soda haikuwa ikipatikana kwa bei hiyo. Kiwango hicho kimekufa kisheria. Ungeweza kuuliza kama fikra iliyokizaa nayo imekufa maofisini, kwamba mtoto wa nje ya ndoa hupewa cha kumnyamazisha mama yake.

Mafaili yako basi yatumike au yasitumike? Ushauri wangu ni kwamba usiwahoji wateja wako mwenyewe, na mafaili yao uyaache kabatini. Fikiria mama ambaye barua ya wito ya wiki ijayo inategemea kalamu yako. Ukimwomba akubali kuhojiwa kwa ajili ya shule yako, atakataaje? Atasaini fomu ya ridhaa hata kama tumbo linamuuma. Na atakachokwambia kitakuwa kile anachodhani afisa anapenda kusikia. Fanya utafiti wako halmashauri ya jirani, ambako wewe ni mgeni mwenye barua. Utaratibu unaujua kwa upande wa pili, maana wanafunzi huja ofisini kwako na barua hizohizo: chuo kinakupa barua ya utambulisho, inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa mkurugenzi wa halmashauri. Akina mama kumi na watano waliohojiwa kwa kina wanakutosha, akina baba wanane ukibahatika, na maafisa ustawi watano au sita. Huhitaji watu hamsini na huhitaji SPSS. Mahojiano unayafanya kila siku ya maisha yako; usiende kujipima kwenye takwimu ambako hujazoea kwa sababu tu majedwali yanaonekana ya kisomi. Na kabla hujaanza, jua mama akivunjika moyo katikati ya mazungumzo utamwelekeza kwa nani pale wilayani, maana wewe siku hiyo si afisa wake.

Nadharia. Maslow hana kesi na wewe wala na akina mama wako, na ninamshukuru msimamizi kwa wino wake mwekundu. Wanafunzi humweka kwa mazoea, kama chumvi. Kwa swali hili nakushauri umsome Michael Lipsky, Mmarekani aliyeandika mwaka 1980 kuhusu watumishi wa ngazi ya chini wanaokutana na wananchi uso kwa uso: mwalimu, polisi, afisa ustawi. Hoja yake ni kwamba sera halisi hutengenezwa pale mezani, na mtu mwenye watu wengi, muda mchache na gari lisilo na mafuta, anayelazimika kubuni njia za mkato ili siku iishe. Ile sh. 50,000 ya tarehe 5 ni njia ya mkato ya namna hiyo. Utamsoma utasema, huyu amekaa ofisini kwangu? Mwongezee James Midgley, ambaye mwaka 1981 aliwashutumu waliohamishia ustawi wa jamii wa Magharibi kwenye nchi zetu bila kuuliza kama unatufaa. Na usikose machapisho yaliyotokana na mradi wa PROSOWO ulioanza mwaka 2011, uliounganisha Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam na vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Rwanda, pamoja na chuo kimoja cha Carinthia, Austria. Humo utakuta watafiti wa kwetu wakiandika kuhusu maafisa kama wewe. Taasisi ile ya Kijitonyama ipo kisheria tangu mwaka 1973, na bado tunaandika tasnifu kana kwamba hakuna Mtanzania aliyewahi kufikiri kuhusu kazi hii.

Kiingereza kinawatesa wengi kuliko wanaokiri, wakiwemo baadhi ya wasimamizi. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini, lakini vyuo vikuu vyetu vingi bado vinadai tasnifu ya Kiingereza, kwa hiyo wewe unafikiri kwa lugha moja na unapimwa kwa nyingine. Usiandike moja kwa moja kwa Kiingereza. Hoji kwa Kiswahili, chambua kwa Kiswahili, andika sura nzima ya matokeo kwa Kiswahili kile kilichosifiwa na hakimu. Maneno ya akina mama yabaki kama walivyoyasema, na tafsiri ifuate chini yake. Ndipo uhamishe sura hiyo kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi. Mtahini anataka kuelewa; mapambo hayamsaidii.

Halafu ndani ya nyumba yako kuna mwalimu wa Kiingereza aliyenuna. Mpe kalamu nyekundu. Kunyoosha lugha kunaruhusiwa, mradi mawazo na data ni vyako na umtaje kwenye ukurasa wa shukrani. Sidhani kama mumeo anaichukia shahada yako. Nadhani amechoka kuona mshahara unakatwa kwa kitu ambacho hakioni kinasogea, na hakuna anayemweleza kimefikia wapi. Akisoma habari za yule mvuvi wa dagaa kwenye sura ya nne atakuwa na la kubishana nawe usiku, jambo ambalo ni afadhali kuliko kununa. Kabla ya kulipa ada ya kuongeza muda, kaeni wawili mkubaliane mwezi wa mwisho. Ukipita hujamaliza, mtaamua pamoja.

Bosi wako anasema kweli nusu. Shahada ya pili haipandishi mshahara kwa kuwepo tu. Nenda kwa afisa utumishi, omba kuona muundo wa utumishi wa kada yako, uone mwenyewe kupanda kunadai nini. Na unajua siku hizi utendaji wako unapimwa kwenye PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, ambako vitabu haviingii. Uzamili hufungua milango mingine: miradi ya mashirika ya watoto, nafasi za mkoani na wizarani, kufundisha vyuoni kama alama zako za shahada zote mbili ni za juu. Kama hakuna kati ya hayo unalolitaka, na ulijiunga kwa ajili ya nyongeza peke yake, basi kuacha si aibu na ungeokoa ada. Lakini mtu anayewasimulia wenzake ofisini alichosoma wiki iliyopita hakujiunga kwa ajili ya nyongeza peke yake.

Minnesota kwa ufupi. Shemeji hadanganyi, programu nyingi za Marekani hazidai tasnifu. Badala yake baraza linalozithibitisha linadai angalau saa 900 za mafunzo kwa vitendo, mara nyingi bila malipo, na baada ya hapo kila jimbo lina masharti yake ya leseni. Ada yake uiulize mwenyewe, kisha uilinganishe na mkopo wa SACCOS. Ni njia nzuri kwa anayetaka kuishi na kufanya kazi kule. Kwa anayekimbia sura ya pili ni safari ndefu mno.

Tumalizie na msimamizi. Kuhusu mada yuko sahihi, kuhusu ukimya amekosea, na yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja mwenye wanafunzi ishirini. Usimwandikie tena "naomba mrejesho", barua hizo huzama. Mtumie kurasa mbili tu: swali jipya, utawahoji akina nani na wapi, nadharia moja. Nakala umpelekee mratibu wa uzamili wa idara, kwa adabu, bila kushtaki. Kila mkikutana au mkiongea kwa simu, mwandikie siku hiyohiyo mlichokubaliana. Zikipita wiki nne kimya, peleka mawasiliano yote kwa mratibu na uombe msimamizi mwenza au wa kubadilisha. Huenda haki hiyo imo kwenye kanuni za uzamili za chuo chako. Zitafute uzisome kabla hujaitumia. Barua ya kwanza iandike hivi:

"Shikamoo Daktari. Nimezingatia maoni yako kwamba mada yangu ni pana, na nimeipunguza. Sasa nauliza: baada ya wazazi kusaini makubaliano ya matunzo katika ofisi ya ustawi wa jamii, malipo huendelea au hukoma vipi, na kwa nini? Nakusudia kuwahoji akina mama, akina baba na maafisa ustawi katika halmashauri ambayo mimi si mtumishi wake. Nimeambatanisha kurasa mbili. Naomba dakika 20 za simu siku yoyote kati ya Jumanne na Alhamisi wiki ijayo, saa 10 jioni, baada ya kazi. Usipopata nafasi wiki hiyo, naomba unielekeze kwa mtu wa idarani ninayeweza kuendelea naye kwa sasa. Nakala: Mratibu wa Uzamili."